Napasuliwa Kampala kupunguza uzito, nyumbani ni Arua: nitayarishe nini?

Swali: Asalaam aleikum, sista. Nina miaka 38, watoto wanne, naishi Arua. Uzito wangu ni kilo 131, nina kisukari na presha. Mwezi ujao nafanyiwa upasuaji Kampala, ule wa kukata sehemu kubwa ya mfuko wa chakula. Daktari anasema nitalala hospitali siku mbili au tatu, kisha nitaruhusiwa. Mume wangu ni dereva wa lori njia ya Juba, mara nyingi hayupo. Nyumbani yuko mama mkwe, ndiye mwenye jiko, na mtoto wangu wa mwisho ana miaka miwili. Maji tunachota. Nitayarishe nini? Naweza kupanda basi kurudi siku ya nne? Na harusi ya mpwa wangu itaangukia wiki ya saba baada ya upasuaji, nitaweza kwenda?

Jibu: Waaleikum salaam, dada yangu. Nianze na basi, maana katika yote uliyoyataja hilo ndilo linaloweza kukuletea balaa. Siku ya nne usipande. Hata siku ya saba usipande.

Sababu ni mbili. Ya kwanza ni damu kuganda miguuni. Mtu mwenye uzito mkubwa aliyetoka kupasuliwa, akikaa kitini magoti yamekunjwa kwa saa tisa au kumi, damu ya miguuni hutulia na huweza kuganda. Bonge hilo likichomoka likafika mapafuni, mtu anaweza kufa njiani. Hatari hii haiishi siku unayotoka wodini. Inakaa nawe mwezi mzima hivi, ndiyo maana wapasuaji wengi huwapa wagonjwa wa uzito wako sindano za kuzuia damu kuganda waende nazo nyumbani. Uliza kama utapewa, na uliza nani atakuchoma. Ni sindano ndogo ya chini ya ngozi ya tumbo, na wengi hujichoma wenyewe baada ya kuonyeshwa mara moja.

Ya pili ni mshono wa ndani. Upasuaji wako unaondoa kiasi cha asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula. Kinachobaki ni mrija mwembamba uliofungwa kwa pini ndogo ndogo kuanzia juu hadi chini. Ni mara chache sana mstari huo kuvuja, lakini ukivuja, mara nyingi ni ndani ya wiki mbili za kwanza, na hapo unatakiwa kurudi mezani kwa mpasuaji haraka, tena kwa yule anayejua alichokifanya. Sasa fikiria jambo hilo likukute basi likiwa limeshapita Karuma na Pakwach bado.

Kwa hiyo tafuta ndugu Kampala akupokee kwa wiki mbili. Bombo nayo inafaa, na watu wa Arua hawakosi ndugu Bombo. Kaa hapo mpaka daktari akuone tena, kwa kawaida kati ya siku ya 10 na ya 14, akuruhusu kwa mdomo wake kwamba sasa unaweza kusafiri. Najua ni gharama na najua kulala kwa watu kuna aibu yake, hasa ukiwa mtu wa kuamka usiku mara tatu. Hata hivyo, kati ya fedha zote utakazotumia nje ya hospitali, hizi ndizo nisingekubali zipunguzwe. Siku ya kurudi, gari dogo ni bora kuliko basi kwa sababu linasimama unapotaka. Ikiwa ni basi tu, kata tiketi ya kiti cha karibu na njia, unyanyuke kila saa, na ukiwa umekaa uzungushe vifundo vya miguu. Usiache kunywa maji eti unaogopa kukosa choo njiani.

Maana yake unatayarisha nyumba mbili: ya Kampala kwa wiki mbili za hatari, na ya Arua kwa mwezi unaofuata. Ya kwanza haihitaji mengi: kitanda, choo cha karibu, mtu mzima anayelala nyumba hiyohiyo, na namba ya dereva atakayekubali kuamshwa saa nane usiku. Dereva huyo mpate kabla ya upasuaji. Boda boda haihesabiwi.

Sasa maji. Watu hujiandaa kwa kidonda, wakanunua pamba na spiriti, kumbe kinachowarudisha wengi hospitali ni ukosefu wa maji mwilini. Mfuko mpya umevimba na haupokei funda kubwa. Ukinywa kama ulivyozoea, utahisi kifua kinabanwa, utatapika, utaogopa, kisha utaacha kunywa. Siku mbili za kuacha kunywa zinatosha kukulaza tena kwenye dripu.

Dawa yake ni hesabu. Nunua kile kikombe kidogo cha plastiki cha kupimia dawa, cha mililita 30. Kijaze, ukinywe kwa dakika 15 kwa kuonja onja, ukijaze tena. Vinne kwa saa ni mililita 120. Ukifanya hivyo kwa saa 14 unazokuwa macho, umefika lita 1 na mililita 680, na lengo la wengi ni kati ya lita moja na nusu na mbili. Siku za mwanzo hutafika, na hakuna atakayekugombeza, ila kila siku ipite ya jana. Weka kengele ya simu. Anza mazoezi haya leo, ukiwa mzima, kwa sababu mtu anayejifunza kuonja maji baada ya kupasuliwa anajifunza akiwa na maumivu. Soda zote weka kando, na maji yenye gesi pia. Juisi ya pasheni au ya embe, hata ya kukamua nyumbani, ni sukari tupu kwa mgonjwa wa kisukari aliyepunguzwa tumbo. Na ukianza kula, usinywe pamoja na chakula: subiri nusu saa baada ya kula ndipo urudi kwenye kikombe chako. Mkojo ukiwa kidogo na wa rangi ya kahawia, ukisimama kizunguzungu, ujue umechelewa kunywa.

Jikoni ndipo penye kazi kubwa. Kwa mwezi huo wa Arua mama mkwe wako atakuwa na nguvu juu yako kuliko daktari, na anatakiwa kuambiwa kabla. Mwanamke aliyelisha ukoo miaka yote hiyo hawezi kukutazama unakunywa supu ya vijiko vitatu akanyamaza. Atasema unajiua. Atakuletea ugali wa muhogo usiku kwa huruma. Usimwendee na makatazo, mpe kazi. Mwambie, "Mama, daktari amenirudisha kwenye chakula cha mtoto anayeachishwa ziwa, na hapa hakuna anayejua kukipika kama wewe." Ikiwezekana mpigie daktari simu mbele yake, ajisikilizie mwenyewe.

Atakachohitaji kujua ni hiki. Siku moja au mbili za mwanzo, ambazo utakuwa bado hospitali, ni vya majimaji vinavyoangaza: maji, supu iliyochujwa ikaondolewa mafuta, chai nyepesi isiyo na sukari. Halafu hadi mwisho wa wiki ya pili ni majimaji mazito zaidi: maziwa yasiyo na mafuta mengi, bongo (maziwa ya mgando) lisilo na sukari lililolegezwa kwa maji, supu ya samaki iliyosagwa na kuchujwa. Wiki ya tatu na ya nne ni vya kupondwa hadi visiwe na kipande: samaki aliyepondwa na supu yake, maharage yaliyochujwa maganda, yai lililochemshwa likapondwa na maziwa. Wiki ya tano na ya sita unaingia kwenye vilaini unavyoweza kuvivunja kwa uma. Baada ya hapo chakula cha nyumba kinarudi taratibu, kwa kipimo cha kisahani cha chai. Mpasuaji wako akikupa ratiba inayotofautiana na hii, fuata yake, kwa sababu ndiye anayejua mshono wako.

Katika hatua zote hizo protini inatangulia. Wagonjwa huambiwa wafikishe gramu 60 hadi 80 kwa siku, na kwa mfuko mdogo kiasi hicho hakipatikani kwa bahati. Uji wa mahindi na sukari hautakufikisha popote, ingawa ndio wa kwanza kila mtu atakaokuletea. Njia rahisi kwetu ni maziwa yaliyoongezwa: chukua nusu lita ya maziwa, tia vijiko vinne vikubwa vya maziwa ya unga yaliyoondolewa mafuta, koroga mpaka yasiwe na madonge. Hapo una gramu 25 hivi za protini, na unayanywa kidogo kidogo kutwa nzima. Wengine baada ya upasuaji tumbo lao hukataa maziwa mabichi yaliyochemshwa, yakawaletea gesi na kuhara. Hao bongo huwafaa zaidi, kwa sababu uchachu umeshakula sehemu ya sukari ya maziwa. Ya pili ni mukene, dagaa wa ziwani. Mukene aliyekaushwa vizuri zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Mwombe mama amchague asiye na mchanga, amkaange kavu bila mafuta, amtwange, kisha amchekeche mara mbili. Unga huo ukihifadhiwa kwenye chupa kavu, kijiko kimoja kinaingia kwenye supu yoyote. Lakini subiri hatua ya vya kupondwa, maana vichembe vya mifupa havifai kwa mshono mbichi. Blenda ni nzuri, ila umeme ukikatika kinu na chujio la chai vinafanya kazi ileile.

Vitakavyokwama ni vile vinavyofanya donge: posho (ugali), chapati, gurusa, mkate mpya, wali uliokauka, na nyama ngumu ya ng'ombe hata ikikatwa vidogo. Hivyo visubiri miezi miwili au mitatu, na vingine utaona mwenyewe havikutaki tena. Matoke yaliyopondwa laini hupita mapema kidogo, vijiko viwili baada ya samaki, kamwe si kabla. Mchuzi wa karanga ni mtamu na una protini, lakini mafuta yake ni mengi. Unapita kwa ulaini mno, na ndiyo njia ya kimyakimya ambayo uzito hurudi nayo mwaka wa pili. Waragi na pombe za aina zote zikae mbali. Baada ya upasuaji huu pombe hupanda haraka kuliko zamani.

Nyumba yenyewe. Jerikani la lita 20 lina uzito wa kilo 20, na wewe kwa wiki nne hadi sita hutakiwi kunyanyua zaidi ya kilo tano hivi. Hata nusu jerikani ni mara mbili ya kipimo chako. Panga sasa hivi nani atachota na umlipe kama ni wa kulipwa. Usitegemee kwamba "watoto watasaidia", kwa sababu siku watakayochelewa shule wewe ndiye utakayelibeba. Kufua kwa mikono, kukoboa, kupiga deki kwa kuinama, kusukuma kitanda, vyote hivyo vina mwenyewe mwingine kwa mwezi mmoja na nusu.

Mtoto wa miaka miwili ana kilo 11 au 12 na haelewi habari ya mshono. Mzoeshe kuanzia wiki hii: wewe unakaa kwanza, ndipo anapanda ubavuni mwako, mto ukiwa juu ya tumbo lako. Kama amezoea kulala nawe, mhamishie kwa dada yake kabla hujasafiri, ili asije akaona umerudi kisha umemfukuza.

Godoro la chini litakutesa, kwa hiyo inua kitanda. Wiki ya kwanza utalala umeegemea mito mitatu, kifua juu, na kuamka ni kwa kugeukia ubavu, kushusha miguu, kisha kujisukuma kwa mkono. Choo kikiwa nje, weka ndoo ya usiku chumbani, na kwenye choo cha kuchuchumaa pawe na kitu imara cha kushika. Kutopata choo kikubwa siku tatu nne ni kawaida, zaidi ya hapo uliza dawa ya kulainisha, usijikamue. Kuoga ni kwa kumwagia maji, usikae ndani ya beseni. Matundu ya nje ni madogo, mara nyingi matano, na yanataka maji safi, sabuni na kukaushwa, basi. Majivu, poda na mafuta ya kienyeji visiguse. Nguo iwe dera au kanga iliyolegea. Gomesi na ule mkanda wake wa kiunoni likae sandukuni kwanza. Kama unaswali, swali ukiwa umekaa kitini mpaka kuinama kusikuume, na Ramadhani ijayo zungumza na daktari kabla ya kunuia funga. Mgonjwa ana ruhusa yake.

Na kutembea. Saa ileile utakayoruhusiwa kushuka kitandani, tembea, na nyumbani uzunguke ua kila saa unapokuwa macho. Watu watakwambia ulale upone. Lala usiku.

Dawa zako za kisukari na presha ndizo zinazonitia wasiwasi kuliko kidonda. Baada ya upasuaji huu sukari hushuka ndani ya siku chache tu, kabla hata uzito haujapungua, kwa sababu huli na homoni za tumbo zimebadilika. Mgonjwa akiendelea na glibenklamaidi, glimepiridi au insulini kwa kipimo chake cha zamani, sukari inaweza kuanguka akazimia. Usitoke wodini bila karatasi inayosema: dawa hii endelea, hii punguza, hii acha. Uwe na kipima sukari na vijiti vya kutosha, upime walau asubuhi na jioni. Ukiona chini ya 4 (mmol/L) na unatetemeka au unatoka jasho, koroga vijiko vitatu vidogo vya sukari katika maji kidogo, unywe, upime tena baada ya dakika 15, na mpigie daktari. Dawa za presha za kukojoza maji nazo zikaguliwe, kwani mtu asiyekunywa vya kutosha zikimkausha zaidi huanguka.

Kwa maumivu, parasetamoli. Diklofenaki, ibuprofeni na dawa za mchanganyiko zinazouzwa kwenye vifuko bila maandishi huchubua mfuko wa chakula mpaka ukatoboka, na kila duka la dawa la mtaani litakupa hizo kwanza. Waambie nyumba nzima. Vidonge vikubwa vinaweza kusagwa wiki za mwanzo, lakini vile vinavyotoa dawa polepole, kama aina fulani za metformini, havisagwi. Muulize mfamasia kimoja kimoja. Dawa ya kupunguza asidi, kwa kawaida omeprazoli, utapewa ya wiki au miezi kadhaa. Imalize.

Nasema na hili kwa wasomaji wengine pia, maana nchini kwetu ni wengi: anayetumia dawa za virusi vya UKIMWI zenye dolutegravir asinywe kalisi au madini ya chuma pamoja nazo tumbo likiwa tupu. Hayo huishika dawa isiingie mwilini. Dawa itangulie saa mbili kabla ya madini, au ifuate saa sita baada yake. Mpasuaji aambiwe, hata kama wa nyumbani hawajui.

Sasa sikiliza vizuri kuhusu homa. Kwetu mtu akipata joto la mwili, kila mmoja anasema malaria, na kwenu West Nile malaria ni nyingi kweli. Wiki mbili za kwanza usikubali jibu hilo peke yake. Homa ya digrii 38 na zaidi, mapigo ya moyo yanayopita 120 kwa dakika ukiwa umetulia, maumivu ya tumbo yanayozidi badala ya kupungua, maumivu ya bega la kushoto, kupumua kwa shida: moja tu kati ya hayo ni simu kwa mpasuaji wakati uleule, usiku au mchana. Mapigo ya moyo ndiyo huanza kabla ya homa, kwa hiyo jifunze kuyahesabu kwenye kifundo cha mkono kwa dakika nzima, na mfundishe atakayelala nawe. Kipimo cha malaria kifanywe, ndiyo, lakini hata kikisema ipo, bado piga simu, kwa sababu malaria na mshono uliovuja vinaweza kukaa kwa mtu mmoja. Na ukiandikiwa dawa ya mseto ya malaria, kumbuka huhitaji mafuta kidogo tumboni ili iingie vizuri. Iandamane na maziwa, na daktari ajue huwezi kula mlo kamili. Lala ndani ya chandarua nyumba zote mbili. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kigimbi, hiyo ni damu iliyoganda mpaka ithibitike vinginevyo, usiukande wala kuuchua.

Ukisharudi Arua, andika kwenye karatasi moja jina la upasuaji, tarehe, dawa zako na namba ya mpasuaji, uibandike ndani ya mlango wa chumba. Siku ya dharura wakupeleke hospitali ya rufaa nayo. Juu yake ongeza mstari huu kwa herufi kubwa: mgonjwa huyu akitapika siku kadhaa, apewe vitamini B1 kabla ya dripu ya glukosi. Anayetapika sana baada ya upasuaji huu huishiwa vitamini hiyo, na glukosi ikitangulia peke yake inaweza kumharibu ubongo: macho kuona viwili viwili, kuyumba, kuchanganyikiwa. Si kila kliniki italikumbuka usiku wa manane.

Wageni. Watakuja, na hawatakuja mikono mitupu. Keki, ndizi za kuchoma, mitishamba ya kusafisha damu. Unahitaji mlinzi wa mlango, mtu mmoja mwenye ulimi mtamu, apokee chakula, ashukuru, akipeleke jikoni kwa watoto. Wifi hufaa kazi hii kuliko wewe mwenyewe. Mitishamba isiingie mdomoni mwako hata kwa heshima ya aliyeileta.

Kuhusu nani aambiwe, kila mtu ana siri zake, lakini mimi nashauri watu wanne au watano wajue ukweli wote. Utakonda haraka, na nchi iliyoishi na silimu, yaani UKIMWI, tangu miaka ya 1980 ina macho makali kwa mwanamke anayekonda haraka. Minong'ono ikianza, mama mkwe na mume wawe tayari wana jibu. Mwezi wa tatu hadi wa sita nywele pia hupukutika. Zitarudi mradi unakula protini yako, ila kama hukuonywa utadhani umelogwa. Wiki ya pili au ya tatu wengi hulia bila sababu na kujuta. Hamu ya chakula ipo kichwani, tumbo halina nafasi, harufu ya vitunguu vya jirani inapita dirishani. Mwambie mumeo mapema ili siku hiyo asijibu simu kwa kusema "si ulitaka mwenyewe?"

Vitamini ni za maisha yako yote: vitamini mseto, B12, D, kalisi, na madini ya chuma kwa kuwa bado unaona siku zako. Chuma na kalisi vipishane saa mbili. Nunua za miezi mitatu Kampala kabla ya kupanda gari, na panga vipimo vya damu mwezi wa tatu, wa sita, wa kumi na mbili, kisha kila mwaka. Muulize daktari pia kuhusu dawa ya kuzuia mawe kwenye nyongo, maana kukonda haraka huyaleta. Mimba isiingie kwa miezi 12 hadi 18. Mwili unaokonda hushika mimba upesi kuliko ulivyozoea, na ukitapika kidonge hakikulindi, kwa hiyo sindano au kijiti kiwe tayari kabla ya siku ya upasuaji.

Wiki mbili za mwisho kabla ya kupasuliwa daktari atakupunguzia wanga na mafuta ili ini lisinyae. Ini lililojaa mafuta hulala juu ya mfuko wa chakula na kumzuia mpasuaji asione. Usifanye karamu ya kuaga chakula.

Harusi ya mpwa, nenda. Wiki ya saba utakuwa unatembea vizuri na unakula vilaini. Kula samaki wako nyumbani kabla ya kutoka, beba chupa ya maji, kaa meza ya wazee ambako hakuna anayehesabu ulichokula. Pilau ya nyama bado, soda bado, na masufuria ya mapishi wayainue wengine hata wakikuita mvivu. Kucheza unaruhusiwa. Ila kama kuna sare, usimpe fundi vipimo vyako sasa. Kitambaa mpelekee, lakini akupime wiki ya mwisho kabla ya harusi, kwa sababu nguo atakayoishona leo siku hiyo haitakukaa.